Utetezi katika Tanzu Tatu za Shaaban Robert
Wahakiki humgawa Shaaban Robert (1909–1962) mafungu matatu: mshairi, mtunzi wa riwaya za kifantasia, na mwandishi wa wasifu na insha. Mgawanyo huo unafaa darasani, lakini unaficha swali linalozipitia tanzu zote: nani anapewa nafasi ya kujitetea?

Katika *Kusadikika* (1951), Karama anashtakiwa kwa kufundisha uanasheria. Anajitetea kwa kinywa chake mwenyewe, akisimulia habari za wajumbe sita waliofungwa baada ya kurudi na maarifa. Katika *Wasifu wa Siti binti Saad* (1958), mwimbaji aliyedharauliwa kwa nasaba yake anatetewa kwa ufasaha, ila msemaji mkuu ni mwandishi. Katika “Utenzi wa Hati”, uliomo katika *Maisha Yangu*, binti anausiwa, hajibu.

Kwa hiyo, fantasia ya Shaaban si kificho tu cha kuikosoa serikali ya kikoloni, kama inavyodaiwa mara nyingi. Katika kazi hizi tatu, ni humo tu mtetewa anajisemea. Hata hivyo, aliyepewa sauti hiyo ni mwanamume. Utu anaouhubiri Shaaban ni wa wote. Baraza la kuutetea bado si la wote.