Mraba Mmoja wa Mweka

Ukimtajia mtu wa Likasi, hapa Katanga nchini Kongo, jina la Buluo, atawaza gereza. Mimi huwaza meza. Iko barazani kwa mama mmoja mshonaji wa huko, imeegemea ukuta, na siku niliyoiona mara ya kwanza palikuwa na mraba wa kitambaa cha Kasai juu yake, umezidi kidogo nusu mita kila upande, umelazwa juu ya shuka safi kama mtoto aliyepitiwa na usingizi. Mkasi ulikuwa kando, umefumbwa. Siku ya tatu nilirudi kuchukua suruali yangu, nikaukuta mraba palepale na mkasi palepale.

“Mama, hii bado hujaikata?”

“Hii haikatwi, papa. Hii inatafutiwa mahali.”

Kijana mmoja alikuwa ameagiza koti fupi la harusi, jeusi, lenye “kitu cha kwetu” juu yake. Fundi mwenye haraka angeugawa mraba ule mara mbili, nusu kifuani kulia na nusu kushoto, vipande vya kwapani vikaenda kwenye ndoo ya taka. Mama yeye alichukua tepu akapima mraba kwanza. Kisha akakunjua karatasi ya mfuko wa saruji, akachora mgongo wa koti kwa chaki kuanzia kingo za kile kitambaa: mabega yafike wapi, mshono wa katikati usogezwe wapi ili usipite juu yake. Koti lilipimwa kwa kitambaa, si kitambaa kwa koti.

Nilimwomba anieleze, akanipa miwani yake na kunionyesha kwa ncha ya pini. Nikaona ambacho macho matupu hayakioni: ule uso laini, unaofanana na mahameli, ni maelfu ya vinyweleo vilivyosimama, na kila kimoja kimewekwa peke yake. Mwanamke wa Kikuba, watu wa Kasai wenye kitambaa hiki, huchambua uzi wa mwale hadi uwe mwembamba sana, huupitisha kwa sindano chini ya uzi wa kitambaa, huuvuta mpaka ibaki ncha fupi, milimita mbili hivi, kisha kwa kisu kidogo hukata upande wa pili usawa na wa kwanza. Hapigi fundo. Kinachoshika ni kubana kwa ufumaji wenyewe. Anahamia kwenye uzi unaofuata. Nilijaribu kuhesabu vinyweleo vilivyomo katika nafasi ya ukucha wa kidole gumba, nikapotea, nikaanza upya, nikapotea tena. Mraba mmoja unaweza kula miezi.

Na kabla ya sindano kuna kazi nyingine. Wanaume huvuna majani machanga ya mwale kabla hayajafunguka, wakabandua ngozi yake ya juu, wakaianika, wakaichana kwa vidole au kwa kitana hadi iwe nyuzi. Nyuzi hizo hazisokotwi kama pamba, kwa hiyo kitambaa hakiwezi kuwa kirefu kuliko jani kilikotoka. Ndiyo maana ni mraba. Hutoka kwenye kitanda cha mfumi kikiwa kigumu kama mkeka, kikatwangwa kinuni hadi kilainike, na wengine hukipaka tukula, ule unga mwekundu wa mti. Kinu nacho hutoboa. Inasemekana viraka vilianza hapo: tundu likazibwa kwa kipande, kipande kikapewa umbo, na kwa kuwa kimoja hakipendezi peke yake vikaongezwa vingine pasipo na tundu, mpaka viraka vikawa ndiyo nakshi. Nikitazama sketi za kale za Kikuba, zenye mita kadhaa za miraba iliyounganishwa na kuzungushwa kiunoni mara nyingi, siwezi kutofautisha kiraka cha shida na kiraka cha uzuri. Ninawapenda watu waliofika mahali hapo.

Basi ile sheria ya mama, kwamba hakikatwi, haikutoka kichwani mwake. Kitambaa kilikuja nayo. Nguo ya Wakuba hukua kwa kuunganisha.

Kwenye pembe ya kushoto ya mraba ule mistari ilikuwa ikifuatana kwa utulivu, almasi ndani ya almasi, halafu ghafla ikapanuka na kugeuka, kama mto uliofika bondeni. Nilidhani ni kosa. Mama akatikisa kichwa. Wanawake hawa hawachori kwanza. Wanabeba michoro kichwani, na kuibadilisha njiani ni sehemu ya ufundi wao. Huko Kasai husimuliwa kwamba katika miaka ya 1920 wamisionari walimwonyesha mfalme wa Wakuba pikipiki. Pikipiki yenyewe haikumshangaza sana, lakini alama za tairi mchangani zilimkamata, akaamuru mchoro ule unakiliwe. Jicho lililozoea kitambaa huona kitambaa hata kwenye vumbi.

Kitambaa hiki kilifikaje Buluo? Kwa reli. Mwaka 1928 kampuni ya BCK ilimaliza njia kutoka Bukama hadi Ilebo, iliyoitwa Port-Francqui wakati ule, na njia hiyo inapita Mweka, katikati ya nchi ya Wakuba. Shaba ya Katanga ikapata mlango mwingine wa kutokea. Na watu wa Kasai wakapata mlango wa kuingilia migodi ya Union Minière, Likasi ikiitwa Jadotville. Wanaume walikuja na mikono yao, wanawake na masanduku. Nkambo wake mama, yaani bibi yake, alishuka hapa na miraba minne sandukuni. Mwaka 1992 na 1993, watu wa Kasai walipofukuzwa Katanga, maelfu walilala stesheni ya Likasi wakingojea treni, na sanduku lile likalala hapo pamoja nao. Mama alirudi miaka mingi baadaye akiwa na mraba mmoja wa nkambo. Huo hauuzi, haushoni, na sikuomba kuuona.

Kuna mtu mmoja ninayemkumbuka kila nikigusa kitambaa hiki. William Sheppard, mmisionari Mmarekani mweusi, alifika mji mkuu wa Wakuba mwaka 1892 na kuvutiwa na kazi za mikono yao. Vitu alivyokusanya viko hadi leo katika chuo cha Hampton, Virginia. Mwaka 1899 mtu huyohuyo alitumwa kuchunguza uvamizi katika Kasai, akakuta mikono ikikaushwa juu ya moto, akaihesabu: mikono 81 ya kulia. Baadaye aliandika juu ya mateso ya watu waliolazimishwa kuvuna mpira, kampuni iliyokuwa ikiununua ikamshtaki, na mwaka 1909 akaachiliwa. Aliyejua thamani ya mkono wa mfumaji hakuweza kunyamaza alipouona umekatwa. Kwangu mimi mazungumzo yote ya siku hizi kuhusu mitindo yenye haki yanaanzia kwake, kwa swali jepesi: mkono uliofanya hivi uko wapi, na uko katika hali gani?

Swali hilo halijazeeka. Mwaka 2020 Anifa Mvuemba, mbunifu aliyezaliwa na wazazi Wakongo na mwenye chapa ya Hanifa huko Marekani, alionyesha mkusanyiko wake wa Pink Label Congo kwenye intaneti: magauni yaliyojaa na kutembea bila mwili ndani yake. Kabla ya magauni alizungumzia watoto wanaochimba koltani nchini kwetu. Watu wengi walishangilia teknolojia. Mimi nilishukuru kwa ule utangulizi.

Nasema haya nikiwa nimevaa kikwembe cha waksi. Nakipenda, mama yangu alihesabu miaka kwa vikwembe, hiki cha ubatizo, kile cha kilio. Lakini waksi tunayoiita ya kwetu ilianza kama kuiga batiki ya Java, na kampuni yake mashuhuri zaidi, Vlisco, ipo Helmond, Uholanzi, tangu mwaka 1846. Inatoka mashineni kwa mita, na ukikosea kuikata unanunua nyingine. Ndiyo sababu mafundi wetu wengi wana mkono mwepesi kwenye mkasi. Mraba wa Mweka unadai mkono mwingine.

Niliuona mkono huo kazini siku ya sita. Koti jeusi lilikuwa tayari, na cherehani imefunikwa, kwa kuwa mguu wa cherehani ungelaza vile vinyweleo. Mama alishona mraba mgongoni kwa mkono, sindano ikipita kwenye pindo peke yake, mshono mmoja kila upana wa punje ya mchele, uzi ukifichwa chini ya ukingo. Kila baada ya shibiri alipitisha kiganja juu ya kitambaa ili kisivutwe upande. Nilimuuliza kwa nini asikaze zaidi. Akasema koti litachakaa kwanza, kola ndiyo huanza. Siku hiyo mtu atafumua huu uzi na mraba utatoka mzima, ukashonwe kwenye koti la mtoto wa kijana huyu.

Ilibaki bitana. Aliishona kuzunguka koti lote, isipokuwa nafasi ya vidole vinne upande wa moyo, iliyoshikwa kwa pini mbili. Ndani yake alikuwa ameshatarizi kwa uzi mwekundu neno Mweka, na chini ya neno hilo palikuwa patupu. Mraba aliununua kwa mwanamke anayesafiri na bidhaa kwa treni, na alikataa kumlipa fedha ya mwisho mpaka amletee jina la aliyetarizi. Kijana wa harusi alikuwa amekuja mara mbili kulidai koti.

“Nilimwambia avumilie,” mama alisema, akizigusa zile pini. “Treni inafika wiki ijayo.”