Hatua ya Kwanza ni Kushoto

Aliyekulia kwenye Super Mario Bros. ya 1985 akiwasha gemu hukimbilia kulia. Metroid, iliyotolewa na Nintendo huko Japani mwezi Agosti 1986, inakuweka ndani ya pango kwenye sayari Zebes na kunyamaza. Unakimbia kulia kama ulivyozoea, na haupiti muda unakwamishwa na upenyo ulio chini mno. Kuinama huwezi, kutambaa huwezi. Unarudi ulipoanzia, unapitiliza kushoto, na hatua chache mbele kuna kitu kinameremeta. Ukikigusa, Samus Aran, mpiganaji unayemwongoza, anaweza kujikunja kuwa mpira, kama kakakuona, na kubiringika. Upenyo ule sasa unapitika.

Nimeicheza hapa Magamba, Mpanda, jioni nyingi, na mwanzo ule bado unanistaajabisha. Hakuna maandishi wala mshale. Mwamba peke yake umekufundisha kwamba njia iliyokukataa uikumbuke, utairudia ukiwa na uwezo mwingine. Gemu nzima imejengwa juu ya funzo hilo: mlango mwekundu unaoushindwa leo utafunguka kwa makombora matano utakapoyapata.

Na mpira wenyewe ulitokana na uhaba wa nafasi ya kuhifadhia picha. Kumchora Samus akitambaa kungetaka picha nyingi. Mpira unaozunguka ulitaka chache. Toleo la kaseti lililouzwa Marekani mwaka 1987 lilikaa ndani ya kilobaiti 128, na picha moja ya simu ya leo huzidi hapo mara nyingi. Ndiyo maana vyumba vinajirudia, korido hii ndugu ya ile, na wengi huhesabu hilo kuwa kasoro. Mimi naona kufanana kule ndiko kunakoleta hofu halisi ya kupotea chini ya ardhi. Hirokazu Tanaka, mtunzi wa muziki, aliikoleza hofu hiyo kwa kuuminya muziki wa mapangoni: sauti zinapumua na kugugumia kama kiumbe, na wimbo wa kuimbika ameuweka akiba hadi mwishoni, baada ya ushindi.

Jirani yangu, kijana anayeshuka maduara, yaani mashimo ya kuchimbia dhahabu, aliketi kando yangu usiku mmoja. Hakuwa ameigusa gemu hii maishani. Nilipopotea mara ya tatu, alininyooshea kidole: rudi, kile kishimo chenye mawe mawili tulikiacha juu. Alikuwa sahihi. Anayeshuka duarani hukariri kila kona aliyoipita, kwa sababu atarudi kwa njia hiyohiyo, na waliotengeneza Metroid walimwamini mchezaji kuwa na kumbukumbu kama hiyo. Ramani ndani ya gemu hawakumpa.

Ukiipata, usitafute majibu kwenye simu. Chukua daftari la mirabamraba na penseli, uchore chumba kimoja kimoja. Anzia kushoto.