Penseli Inapokwama

Mhandisi wa minara ya kukenekea hufundwa kwa mkono, juu ya karatasi, kabla ya kukabidhiwa mtambo. Mwaka 1887 George E. Davis alitoa mihadhara Manchester, Uingereza, akionyesha kwamba viwanda vya kila namna hurudia kazi zilezile chache: kuchuja, kukausha, kukeneka. Wazo hilo lilikomaa Marekani. Mwaka 1916 chuo cha MIT kilianzisha shule ya mazoezi iliyowahamishia wanafunzi viwandani pamoja na walimu wao.

Tunu ya mafunzo hayo ni mchoro wa Warren McCabe na Ernest Thiele, uliochapishwa mwaka 1925. Mwanafunzi huchora mstari uliopinda wa mvuke na kimiminika vilivyo katika msawazo, kisha mistari ya uendeshaji, halafu hushuka vidato kati yake kwa rula na penseli. Kila kidato ni sahani moja kamilifu ya mnara, mahali mvuke na kimiminika vinapokutana. Sahani halisi huhitajika nyingi zaidi. Akiongeza kimiminika kinachorudishwa kileleni, vidato hupungua, lakini gharama ya mvuke wa kuchemshia hupanda. Chuma na kuni vinapimwa kwenye karatasi moja.

Uzuri wake hasa huonekana kwa spiriti na maji. Kadiri spiriti inavyotakata, vidato husinyaa, hata penseli haina pa kupita. Kwa kanieneo ya kawaida ya hewa, mnara hauvuki takriban asilimia 95.6 kwa uzani, hata ukirefushwa namna gani. Aliyekwama hapo kwa mkono wake hasahau.

Siku hizi kompyuta hutoa idadi ya sahani kwa kufumba na kufumbua. Ikiambiwa kimakosa kwamba mchanganyiko huo wa spiriti na maji hufuata kanuni ya Raoult, ile ya michanganyiko mikamilifu, itausanifu mnara wa kutoa spiriti ya asilimia 99.9 bila kunung'unika. Kijana asiyewahi kushika rula huipokea ripoti hiyo na kuiwasilisha, tena imepambwa kwa rangi.

Uendeshaji nao una adabu yake. Mvuke ukipungua mno, kimiminika huvuja kwenye matundu ya sahani. Ukizidi, hukizuia kushuka, na mnara hufurika. Dalili ya mwanzo ni tofauti ya kanieneo kati ya chini na juu kupanda ghafla. Bidhaa huchafuka, na mgeni wa kazi, kwa kudhani utenganishaji umelegea, huongeza moto na kurudisha kimiminika zaidi, akazidisha mafuriko. Mzoefu hupunguza moto kwanza, huku wenzake wakimshangaa. Busara hiyo ilirithishwa zamu kwa zamu, mkongwe na mwanagenzi wakisimama mbele ya geji moja. Pale zamu zinapopunguzwa watu ili kubana matumizi, mwanagenzi hubaki na skrini, na mkongwe hustaafu bila wa kumwachia.