Vigae Vipya vya Samarkand

Tulitoka Tashkent asubuhi na mapema kwa treni ya kasi iitwayo Afrosiyob, iliyoanza safari zake mwaka 2011 na ambayo iliundwa Hispania. Kilomita 344 hadi Samarkand tulizimaliza kwa saa mbili na dakika chache, chai mkononi. Jina la treni hiyo ni la kilima kilicho kando ya Samarkand, ulikokuwa mji wa kale kabla majeshi ya Genghis Khan hayajauangamiza mwaka 1220. Chombo kipya kuliko vyote kimepewa jina la magofu. Nililifikiria jambo hilo njiani, na siku tatu zilizofuata ziliniongezea mawazo.

Uwanja wa Registan umezungukwa na madrasa tatu. Ya Ulugh Beg, mtawala aliyekuwa mwanafalaki, ilijengwa kati ya 1417 na 1420. Sher-Dor, yenye wanyama wakali na jua lenye uso wa mtu juu ya lango, ilimalizika 1636. Na Tilla-Kori, yenye msikiti uliopakwa dhahabu ndani, ilifuata katika karne hiyo hiyo ya 17. Nakiri kwamba macho yangu yaliridhika mara moja. Samawati ile juu ya udongo wa rangi ya mchanga hainunuliki kwa maneno. Lakini nilikaa kwenye ngazi zaidi ya saa nzima, na kadiri nilivyotazama ndivyo nilivyotatizika. Vigae vilikuwa vizima mno. Majengo ya karne nyingi yalikuwa na sura ya kijana aliyetoka kwa kinyozi.

Mwanzoni mwa karne ya 20 Mrusi Sergei Prokudin-Gorskii alipiga picha za rangi mjini humo. Zinaonyesha kuta zilizobanduka vigae na nyufa zinazoonekana kwa mbali. Mnara mmoja wa madrasa ya Ulugh Beg uliinama hata ukanyooshwa na wahandisi mwaka 1932. Na ile kuba ya samawati ya Tilla-Kori, inayopamba kadi za posta, ni kazi ya mafundi wa enzi ya Usovieti. Karibu nami mtalii mmoja alikuwa akimweleza mkewe jinsi watu wa karne ya 17 walivyoweza kuisimamisha. Sikumsahihisha, ualimu nimeuacha.

Simlaumu aliyekarabati. Asingefanya hivyo, huenda leo tungeonyeshwa kifusi. Tena kazi hiyo iliwarudisha watu kwenye maarifa ya kupika vigae na kuchanganya rangi zake, na hilo si jambo dogo. Lawama yangu ni kwamba kazi mpya haijitaji. Mahali nilipopita sikuona kibao cha kusema hapa pameanzia mkono wa jana. Msikiti wa Bibi-Khanym, alioujenga Timur kati ya 1399 na 1404, ndio ulionisikitisha zaidi. Ulijengwa kwa haraka, ukaanza kuporomoka mapema, na tetemeko la 1897 likauvunja vibaya. Kuanguka kwake kungetufundisha mengi kuhusu mtawala aliyetaka ukubwa kuliko ardhi ilivyoweza kubeba. Umeinuliwa tena kwa saruji, na somo limefukiwa.

Kesho yake treni ilitupeleka Bukhara, na huko nililiona jengo lililoniridhisha bila shaka yoyote: kaburi la Wasamanidi, la miaka elfu moja na ushei. Ni dogo, mchemraba wenye kuba, upande mmoja mita kumi hivi. Halina kigae cha samawati hata kimoja. Ni matofali ya kuchoma tu, yaliyolazwa, yaliyosimamishwa, yaliyoinamishwa, hata ukuta ukawa kama mkeka uliosukwa. Tofali lile lile linalobeba kuba ndilo linalopamba. Jua linaposogea, nakshi nazo husogea. Hilo nalo limekarabatiwa, lakini umbo lake halijadanganya.

Kuhusu mafundi, nilitarajia kuchukia maduka yaliyojazwa katika vijichumba vya madrasa walimokuwa wakilala wanafunzi. Sehemu kubwa ya bidhaa zilistahili chuki hiyo. Hata hivyo, katika chumba kimoja Bukhara, mama mmoja alikuwa akiwafundisha mabinti watatu kutarizi suzani. Mchoro huchorwa kwanza juu ya vipande vya kitambaa vilivyoungwa kwa mshono mwepesi. Kisha vipande hufumuliwa na kugawiwa wanawake mbalimbali, kila mmoja akatarizi chake, halafu huunganishwa tena. Ndiyo maana katika suzani za kale ua hukosa kukutana vizuri na nusu yake, na wekundu wa huku si wekundu wa kule. Mikono mingi imeacha alama zake wazi. Fundi wao wanamwita usta, neno lililo jamaa ya ustadhi wetu.

Nilipowatazama mabinti wale nilipata aibu ya zamani. Katika chuo cha ualimu tulifundishwa kusuka na kufinyanga. Baadaye, nilipokuwa mkuu wa shule, niliifunga karakana ya kazi za mikono nikaijaza madawati ya mtihani, kwa kuwa ususi haukuwa na alama katika cheti. Mzee aliyefundisha humo hakubishana nami. Alikusanya ukindu wake akaenda zake, na sikumtafutia mrithi.

Yule mama alichukua kitambaa cha binti mdogo kuliko wote, akakigeuza upande wa nyuma, akaukagua mshono huko badala ya mbele, kisha akafumua kama shubiri moja na kumrudishia. Binti akatia uzi tena. Suzani niliyonunua ilikuwa ya mwaka uliopita, kazi ya mabinti hao hao, bei yake chini ya ile ya dirishani. Ua la katikati halijakutana.