Ile filme ya dola 7,000

Wandugu, kila mara tukibakia kupiga habari kisha mkutano wa chama, na maneno yakafika kwa filme, lazima mmoja wetu atataja Primer. Na ataitaja kwa bei yake: "Bana, ile filme walifanya na dola elfu saba tu!" Ukimuuliza inasema nini, anacheka. Mimi nimeiangalia mara nne. Mara mbili za kwanza sikushika kitu. Leo ninapima kuisema kama filme, na bei nitairudilia mbele, kwa sababu ile bei ilitudanganya mimi na wenzangu.

Shane Carruth alisoma hesabu, akafanya kazi ya uinjinia, kisha akajifunza mambo ya filme mwenyewe bila kupita kwenye masomo ya sinema. Primer aliipiga kwa wiki tano pembeni ya Dallas, mu Texas, na watu kama watano nyuma ya kamera. Aliandika, akaongoza, akacheza kama Aaron, akakata picha, akatunga na muziki. Mwaka wa 2004 ilichukua tuzo kubwa ya Sundance. Inadumu dakika 77, na hakuna hata dakika moja ambapo mtu anasimama akueleze kinachopita.

Hadithi yenyewe: vijana wane wenye kazi za mchana, na kravati zao kwenye shingo, usiku wanakutana mu garaji ya mmoja wao wakitafuta kitu cha kuuza. Wawili kati yao, Abe na Aaron, wanaanza kufanya yao pembeni bila kuambia wengine. Wanatengeneza kisanduku cha kupunguza uzito wa vitu. Halafu wanaona kwamba kitu kilichowekwa ndani kinazeeka kuliko inavyofaa. Ndani ya kisanduku, saa zinakwenda na kurudi. Basi wanajenga kikubwa, cha kuingia mtu.

Vyuma vinatoka wapi? Hapa mtoto wa Lubumbashi anakaa vizuri kwenye kiti. Wanavunja frigo juu ya mabomba yake ya shaba. Wanafungua katalizeri ya gari kutafuta madini iliyo ndani. Sisi tunajua ile kazi. Kwetu kuna kijana kwenye kila kona anayeweza kukuambia ndani ya frigo iliyokufa kuna kilo ngapi za shaba, na hajawahi kufungua kitabu cha fizika. Nilipoona Abe na Aaron wamepiga magoti pale chini na visu vyao, niliacha kuwaza kwamba hii filme ni ya Bulaya.

Na hapo njo akili ya Carruth inaonekana. Alichagua mashine ambayo hata mtu bila pesa anaweza kuionyesha: sanduku, nyaya, mngurumo. Hakuna taa za rangi, hakuna mtu anayeyeyuka hewani. Kusafiri kwenye wakati mu filme yake ni kungoja tu. Asubuhi unaweka saa ya kuwasha sanduku, unakwenda kujificha mu hoteli mchana wote ili usikutane na wewe mwenyewe, jioni unarudi, unaingia, unalala ndani saa zilezile, unatoka asubuhi. Ukitaka kurudi saa sita nyuma, unalipa saa sita za maisha yako gizani. Mimi sijaona filme ya pesa nyingi iliyofikiria jambo hili kwa uzito kama huu. Zile kubwa zinakurusha miaka mia kwa kubonyeza kitufe, na shujaa hata hachoki.

Hawa wanachoka. Mwandiko wao unaharibika, damu inatoka kwenye masikio. Carruth anapita haraka juu ya hayo, kama vile wao wenyewe wanavyopita, kwa vile bei ya hisa za kesho wanaijua na pesa inaingia.

Kuna wanaosema maongezi hayaeleweki. Ni kweli. Wanasemea juu ya maneno ya wengine, wanakatana, wanatumia maneno ya kazi bila huruma. Ni kama kuingia mu oditwari wakati kozi imeshaanza saa moja mbele. Lakini mimi ninaona ni haki: mainjinia wawili wakiwa peke yao hawaelezani wanachojua tayari. Lawama yangu iko mahali pengine. Theluthi ya mwisho inakimbia. Kuna sherehe moja ambapo mtu anafika na bunduki, na mambo yote yanakuja kuzunguka usiku ule. Lakini sisi tunaonyeshwa vipande tu, mengine tunasimuliwa na sauti. Watu wanaita hii ni kina. Kwangu ni mahali pesa iliisha, na sauti ikaja kuziba tundu. Tena wanawake wawili wa filme hii, Kara na Rachel, wanakuwapo ili wanaume wawe na mtu wa kuficha siri. Hilo halikuhitaji pesa kurekebishwa, lilihitaji karatasi na kalamu.

Kinachonirudisha kila mara ni kifaa kidogo mu sikio la Aaron. Tunamwona nacho, anasema anasikiliza mchezo wa basketi. Baadaye tunajua: anasikiliza maongezi ya siku hii hii, aliyoyarekodi alipoiishi mara ya kwanza, ili aseme kila neno mahali pake. Rafiki yake anaongea naye kwa moyo, na yeye anakariri. Na Abe pia si malaika, tangu mwanzo alikuwa na sanduku lake la akiba, akalificha. Filme nzima ni watu wawili walioanza pamoja, na kila mmoja anatafuta kuwa ndiye wa kwanza.

Sasa ile bei. Dola 7,000 zilikwenda zaidi kwenye pelikula ya 16 milimita, ambayo ilikuwa ghali mpaka karibu hawakurudia kupiga kitu mara ya pili. Kazi ya watu haimo. Marafiki na jamaa waliosaidia hawamo. Miaka miwili ambayo Carruth alikaa akikata picha, mara nyingi akitaka kuacha yote, haimo. Sisi tulisoma paka ile namba.

Miaka mitatu iliyopita, sisi wane tulipiga filme yetu ya dakika kumi na mbili. Fundi wa redio mu mtaa anapata redio inayosoma habari za kesho. Tulikuwa na dola 380 na telefoni moja nzuri ya kuazima. Umeme ulikatika kila jioni, majenereta ya majirani yakaingia mu sauti yote, na mwenzetu mmoja alishika mikro kwenye fimbo ya fagio siku tisa. Yeye njo alileta wazo la redio pia. Mimi nilikuwa na muongozo wa Primer mu kichwa: mtu mmoja, jina moja. Siku ya kuonyesha, jina langu lilipita kwenye jenerike mara tano. La kwake lilipita mara moja, katikati ya watu wanane, chini ya "Tunashukuru". Alipiga makofi kama wengine, akatoka mbele ya soda hazijaletwa. Tangu siku ile tunasalimiana vizuri, na hakuna kingine.

Redio tuliiacha iongee kwa sauti kubwa, watu wote waisikie. Leo ningeiweka mu sikio.

Mwenye kutaka kuona njia nyingine, aangalie Neptune Frost ya 2021, ya Saul Williams na Anisia Uzeyman, iliyopigwa Rwanda. Inaanzia kwenye mgodi wa koltani, na mavazi yamejaa vipande vya kompyuta. Mle Kiswahili kinasikika. Ina fujo kuliko Primer, na mimi ninaipenda kidogo tu, lakini ni umati wa watu wanaoimba pamoja, na hilo lilinifaa baada ya garaji ya Carruth.

Mara ya nne niliangalia mwisho wa Primer kwa makini. Aaron yuko nchi nyingine, mu depo kubwa tupu. Anataka sanduku la ukubwa wa chumba kizima. Anatoa vipimo kwa Kiingereza, kila nusu mita, na mwingine anavigeuza kwa Kifaransa kwa wafanyakazi. Hawana majina. Hakuna aliyewaambia wanajenga nini. Nikiwa hapa Lubumbashi, bila maandishi chini ya picha, wao njo niliwaelewa haraka kuliko watu wote wa ile filme. Inakatika pale, nao bado wanapima.