Mgonjwa na Watu Wake: Tupime Kazi ya Profesa Janzen

Mtu akiugua hapa Mapendo, mjini Goma, ni nani akataye shauri la kumpeleka kwa kutibiwa? Mara chache ni mgonjwa mwenyewe. Baba mdogo asema hospitali, shangazi asema chumba cha maombi, na jirani anong'ona jina la mfumu. Jambo hili twaliona kila siku. Aliyelichunguza kwa bidii katika nchi yetu ni mgeni, Profesa John Janzen wa Chuo Kikuu cha Kansas, Marekani, Mkristo wa madhehebu ya Wamenoniti. Yafaa tuone katika kazi yake yapi yatufaa, na yapi hayatutoshi.

Mwaka 1978 alitoa kitabu The Quest for Therapy in Lower Zaire, akisaidiwa na daktari William Arkinstall. Waliwafuata wagonjwa wa Bakongo, kule Kongo ya Chini, toka zahanati hadi kwa mganga wa miti shamba, toka kwa nabii hadi baraza la ukoo. Mtu wa mbali angedhani mgonjwa huyo amepotea njia. Janzen alionyesha ya kuwa safari hiyo ina maana, na jamaa ndio waiongozao. Bakongo hutenga ugonjwa wa Mungu, ujao wenyewe tu, na ugonjwa wa watu, utokao katika ugomvi na chuki. Huu wa pili hautulii kwa dawa peke yake. Sharti jamaa wakae, waseme yaliyo moyoni, wapatane.

Hapo twamsifu kweli. Hakuukata mtu vipande, mwili huku na roho kule. Katika kitabu chake Ngoma cha mwaka 1992 alifika hata Dar es Salaam na Cape Town, akaona jinsi wenye taabu moja wakusanyikavyo na kuimba, na aliyepona kuwa mponyaji wa wenzake.

Lakini tuna neno la kumwuliza. Kitabu cha kwanza chasimama juu ya ukoo uliokaa pamoja. Je, sisi? Julai 1994 wakimbizi mamia ya maelfu waliingia Goma na kandokando yake kutoka Rwanda, na karibu 50,000 walikufa mwezi wa kwanza. Januari 17, 2002, moto wa Nyiragongo ulipita katikati ya mji. Vita vimeleta watu wa Masisi na Rutshuru wasio na mzee wa ukoo karibu. Ni nani atakayekaa baraza kwa ajili yao? Janzen na mkewe Reinhild walilikaribia swali hilo mwaka 2000, katika Do I Still Have a Life?, walipoandika sauti za watu wa Rwanda na Burundi baada ya vita. Ndicho kitabu kilicho karibu nasi kuliko vyote.

Tena liko jambo zito zaidi. Jamaa wakisema ugonjwa ni wa watu, huenda wakamtafuta mtu: bibi mzee asiye na mtetezi, au mtoto yatima. Mtafiti aweza kuandika yote bila kuhukumu. Ndiyo kazi yake. Sisi tusimamao kando ya kitanda hatuwezi kunyamaza. Kupatana ni tiba. Kusingizia mtu ni ugonjwa mwingine. Na mwenye kifafa ahitaji dawa yake hata kama jamaa wote wamepatana. Hapa Goma kuna kituo cha Tulizo Letu cha mabruda waitwao Frères de la Charité, wanaowatunza wagonjwa wa akili. Kumfungia mgonjwa huyo katika chumba cha maombi, na kituo kipo, si imani.

Mwaka 2019 Janzen alirudi kwa Bakongo wake katika Health in a Fragile State, akaeleza jinsi makanisa na wananchi walivyoshika kazi ya afya pale serikali ilipolegea. Neno hilo tulichukue. Mgonjwa asiye na jamaa, jumuiya yetu ndogo na iwe jamaa yake: mmoja amfikishe hospitalini, mwingine aangalie dawa zake, mwingine amsikilize, na wote wamwombee. Asilale mgonjwa yeyote wa Mapendo bila mtu wa kumkatia shauri jema.