Bunduki ya Wenzo, kutoka Karungu hadi Ruma

Bunduki ya Greener haikumfaa mwizi. Kampuni ya W. W. Greener ya Birmingham ilipotengeneza bunduki ya marisau kwa ajili ya polisi wa makoloni, ilijua kwamba silaha inayogawiwa askari wa kijijini kuna siku itapotea. Basi ikaipa risasi ya umbo la peke yake, iliyobonyea kwenye kitako, na ndani ya bunduki ikatia sindano ya kugonga fataki yenye ncha tatu. Aliyeiiba na kuilisha risasi ya kawaida ya dukani alikuwa na chuma tu mkononi: ncha mbili za pembeni ziligota kwenye kitako cha risasi kabla ile ya kati haijafika kwenye fataki. Silaha za Greener zilikuwa mikononi mwa mgambo wa Home Guard wa Kenya wakati wa vita vya Mau Mau. Ni bunduki ya risasi moja, na hufunguliwa kwa wenzo uliopinda chini ya kifyatuo.

Serikali iliyoigawa haikumwamini hata yule iliyemgawia. Hilo ni doa la ukoloni na halihitaji kufichwa kwa sifa za ufundi. Ila ufundi wenyewe upo, na una historia ndefu katika kona hii ya Ziwa Victoria.

Wenzo wa Greener ni wa ukoo wa Martini. Martini-Henry iliingia katika jeshi la Uingereza mwaka 1871, na jamaa yake, Martini-Enfield, ilibebwa na askari wa Keya (King's African Rifles) katika miaka ya mwanzo ya kikosi hicho kilichoundwa 1902. Wakati huo Karungu, ambayo leo ni ufuo mtulivu wa wavuvi katika Kaunti ya Migori, ilikuwa kituo cha utawala wa Nyanza Kusini, kabla makao hayajahamishiwa Kisii mwaka 1907. Kuitumia Martini kulikuwa na mwendo wake. Ushushapo wenzo, pande la chuma huinama na ganda la zamani huruka nje. Kidole gumba husukuma risasi mpya ndani ya chemba. Wenzo ukirudi juu, bunduki imejifunga na iko tayari kufyatuliwa. Risasi ni hiyo hiyo moja. Ukiikosa shabaha, unaanza upya.

Wamarekani ndio walioupa wenzo kazi kubwa zaidi. Kutoka bunduki ya Henry ya 1860 hadi Winchester ya 1894, iliyobuniwa na John Moses Browning na kutengenezwa kwa mamilioni, waliweka risasi zikifuatana ndani ya bomba chini ya mtutu, na wenzo ukawa wa kuziita moja moja. Hapo pana jambo ambalo wanunuzi wengi hulijua wakiwa wamechelewa. Ndani ya bomba kila risasi hulala na ncha yake ikigusa fataki ya iliyo mbele. Ncha kali, pamoja na mshtuko wa bunduki kurudi nyuma, zinaweza kulilipua bomba zima mkononi mwa mpigaji. Kwa hiyo bunduki za namna hii kwa kawaida hutumia risasi za ncha bapa, na risasi ya ncha bapa huchoka upesi hewani. Winchester ya 1894 yenye risasi ya .30-30 ni silaha ya mita 150 hivi, ya vichakani. Mwenye kuitaka kwa ajili ya mbuga iliyo wazi kama bonde la Lambwe, Homa Bay, amechagua vibaya, hata kama mbao zake zinang'aa vipi.

Browning alilitatua tatizo hilo mwaka 1895 kwa kuliondoa bomba na kuweka kisanduku cha risasi chini ya bunduki. Hiyo ndiyo aliyoibeba Theodore Roosevelt aliposhuka Mombasa Aprili 1909, ikiwa na risasi nene ya .405. Rais huyo mstaafu wa Marekani alikuwa na macho mabovu, naye alikiri kwamba si mlenga shabaha hodari. Wenzo ulimfaa kwa sababu risasi ya pili ilikuwa karibu. Aliisifu kuwa dawa ya simba. Aliwinda Kapiti, akafika Sotik, na Desemba akapanda meli Kisumu kwenda Entebbe. Yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama 512. Idadi hiyo inachefua leo, na hakuna ustadi wa kuitetea.

Ustadi uko kwingine, katika mambo madogo ambayo picha za Roosevelt hazionyeshi. Mpigaji anayeijua bunduki ya wenzo hutambulikana kwa sikio: wenzo hushuka mpaka mwisho, hurudi mpaka mwisho, bila kusita njiani. Mgeni huusukuma nusu kwa woga, na matokeo yake ganda la zamani hubaki limekwama huku risasi mpya ikigonga mlango. Kitako hakiondoki begani wakati mkono unafanya kazi. Kidole cha shahada hukaa nje ya kifyatuo mpaka shabaha ipatikane, kwa maana mkono wote unapopanda na wenzo ni rahisi kidole kutangulia. Kisha kuna nyundo, iliyo wazi nyuma ya bunduki. Kuishusha juu ya risasi iliyo hai ndilo jambo la kutisha kuliko yote: kidole gumba huishika, kifyatuo hubonyezwa, nyundo huteremshwa polepole hadi nusu koki, mtutu ukiwa umeelekezwa mahali pasipo na kiumbe. Likifanywa kwa haraka, hakuna nafasi ya pili.

Usafi nao una siri. Winchester ya zamani haifunguki nyuma, kwa hiyo fimbo ya kusafishia lazima iingie kwa mdomo wa mtutu, na mdomo huo ndio unaoamua risasi inakwenda wapi. Fimbo ikiusugua ovyo kwa miaka, bunduki hupoteza shabaha bila mwenyewe kujua sababu. Kandokando ya ziwa, ambako unyevu hauondoki, mafuta mepesi kwenye chuma ni kazi ya kila mara.

Sheria kali hazikuuua wenzo. Mara nyingine zimeufufua. Uingereza ilipozipiga marufuku mwaka 1988 bunduki nyingi zinazojikoki zenyewe, baada ya mauaji ya Hungerford, na Australia ilipofanya vivyo hivyo baada ya mauaji ya Port Arthur ya 1996, bunduki ya wenzo ilibaki halali kwa mwenye kibali, kwa kuwa mkono wa mtu ndio unaoita kila risasi. Mbunge wa London au Canberra alifikia hitimisho kwamba bunduki inayodai kazi ya mkono inaleta hofu ndogo zaidi.

Kenya imekwenda mbali zaidi. Chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, mwombaji lazima aonyeshe sababu ya maana na kwamba yeye ni mtu wa kuaminika. Hati hutaja silaha yenyewe na kiasi cha risasi, kwa hiyo kuchagua vibaya si jambo la kurudi dukani kubadilisha. Desemba 2018 serikali iliamuru kila raia mwenye silaha akaguliwe upya. Kupatikana na AK-47, G3 au MP5 bila kibali kunaweza kumfunga mtu maisha. Na uwindaji, ile sababu ya kale ya kutaka bunduki ya wenzo, ulipigwa marufuku Mei 1977. Anayebaki na hamu nayo ana uwanja wa shabaha tu, na huo ni uamuzi wa haki kwa nchi ambamo hesabu ya wanyamapori ya 2021 ilikuta swala aina ya korongo 15 pekee, wote katika Hifadhi ya Taifa ya Ruma, Homa Bay.

Ruma ina ukubwa wa kilomita za mraba 120, ilitengwa mwaka 1966 na ikawa hifadhi ya taifa 1983. Ndani yake bunduki ni ya askari wa Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS), na lengo lake ni mwindaji haramu, si nyama. Nje ya uzio, mambo ni magumu zaidi. Kiboko akipanda usiku kutoka ziwani na kuingia kwenye mahindi ya mkulima wa Nyatike, Migori, mkulima huyo hana ruhusa ya kuchukua silaha na kumfuata. Hupiga simu KWS, na akipoteza mtu wa nyumbani mwake, Sheria ya Wanyamapori ya 2013 imeweka fidia ya shilingi milioni 5, inayoanza kwa fomu mbele ya kamati ya kaunti.